Utulivu wa Siku Moja Nje ya Miji Mikubwa ya China

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 24 mjini Shanghai na karibu milioni 22 Beijing. Wakazi wa miji hiyo husongamana barabarani, kwenye metro na hata kwenye lifti. Hata hivyo, treni za mwendokasi na njia za metro zinazofika pembezoni zimewasogezea bustani, vijiji na milima, kiasi kwamba mtu anaweza kuondoka asubuhi akarudi kulala kwake.

Kutoka Shanghai, safari bora kuliko zote ni ya Suzhou, takriban kilomita 100 na nusu saa hivi kwa treni. Huko, kwa karne nyingi, maofisa na matajiri walijijengea bustani za kupumzikia. Iliyo maarufu zaidi, Zhuozheng Yuan, ilianzishwa mwaka 1509 na Wang Xianchen, ofisa aliyeachana na kazi ya serikali. UNESCO iliiorodhesha mwaka 1997 kuwa urithi wa dunia, na sifa hiyo imeijaza watalii. Anayetafuta ukimya kweli afadhali aende Ou Yuan, bustani ndogo iliyozungukwa na mifereji pande tatu, iliyoingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2000. Wajenzi wa bustani hizi waliijua siri moja kubwa: jicho lisione kila kitu kwa mara moja. Njia inapinda, ukuta mweupe unaziba, kisha dirisha la nakshi linafunua kidimbwi na mwamba. Mtu hulazimika kupunguza mwendo, na eneo dogo likaonekana halina mwisho.

Zhujiajiao, mji wa kale wa mifereji, uko ndani ya mipaka ya Shanghai yenyewe na unafikika kwa metro namba 17, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2017. Karibu na daraja la Fangsheng, la matao matano na la tangu 1571, maduka ni mengi na kelele haziishi. Vichochoro vya nyuma ndivyo vyenye amani.

Upande wa Beijing, hekalu la Kibuddha la Tanzhe limejificha kwenye milima ya magharibi. Lilianzishwa karne ya nne, na wenyeji husema lilikuwepo kabla ya Beijing. Mbali zaidi, kama kilomita 90 kutoka katikati ya jiji, nyumba za kale za kijiji cha Cuandixia zimepandana kwenye mteremko, zikikaliwa na ukoo wenye jina la Han tangu enzi ya nasaba ya Ming. Barabara ya huko ni ya milimani, hivyo inafaa kuondoka alfajiri.

Wakazi wa jiji la Chengdu nao wana mlima Qingcheng, kitovu cha dini ya Kitao. Upande wa mbele una mahekalu na watu wengi. Upande wa nyuma ni misitu na maporomoko ya maji.

Siku ya kwenda ina uzito zaidi kuliko mahali penyewe. Jumanne tulivu inaishinda Jumamosi yoyote, na sikukuu ya Mei mosi pamoja na wiki inayoanza Oktoba 1 ni za kuepukwa kabisa, kwani nchi nzima huwa safarini. Tiketi za treni hukatwa kwa jina, kwa hiyo mwanafunzi au mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliye huko asisahau pasipoti: bila hiyo hapandi treni.