Taurini, Mafuta ya Samaki na Moyo wa Mnyama Mzee

Mama mmoja alinijia asubuhi na mapema akiwa amempakata mbwa wake mdogo wa miaka 12, amemfunga kanga kama mtoto mchanga. Mbwa alikuwa amekohoa usiku kwa wiki mbili. Mkobani mama alikuwa na kopo la vidonge vya mafuta ya samaki, kopo la koenzaimu Q10 alilotumiwa na mwanawe aliyeko ng'ambo, na chupa ya maji ya kitunguu saumu aliyoshauriwa na jirani. "Daktari, nianze na lipi?" Nikamwambia, "Mama, hicho kitunguu tukimwage sasa hivi. Haya mengine yaache mezani kwanza, tuusikilize moyo."

Swali lake huulizwa kila siku na watu wanaowapenda wanyama wao, nami naliheshimu. Katika tiba ya wanyama kipo kisa cha kirutubisho kimoja kilichoponya mioyo iliyokwisha kukatiwa tamaa. Anayekijua kisa hicho vizuri anaweza kupima mwenyewe ni lini kopo la dukani litamfaa mnyama wake, na ni lini litamlia fedha huku ugonjwa ukiendelea.

Miaka ya 1980 paka kwa maelfu walikuwa wakifa Marekani kila mwaka kwa ugonjwa wa moyo kutanuka. Katika ugonjwa huu ukuta wa moyo hulegea na kuwa mwembamba, vyumba vyake hupanuka, na msuli hukosa nguvu ya kusukuma damu. Damu isiyosukumwa hurundikana nyuma ya moyo, maji yake huchujuka na kujaa mapafuni au kifuani, na paka hufa akihangaikia pumzi. Wakati huo kupewa jina la ugonjwa huu kulikuwa sawa na kupewa tarehe ya mazishi.

Mwezi Agosti 1987 daktari wa moyo wa wanyama Paul Pion, pamoja na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wenzao. Walikuwa wamepata paka 21 wenye moyo dhaifu waliokuwa wakila vyakula vya madukani, na katika damu ya wote hao taurini ilikuwa chini sana. Walipowapa taurini kwa mdomo, mioyo ilirudi kufanya kazi. Moyo uliokuwa umelegea kama mfuko ulianza tena kujikaza. Vyakula vile havikuwa vya kughushi. Vilitimiza viwango vya wakati ule. Viwango vyenyewe ndivyo vilivyokuwa na kasoro. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa uliokuwa ukijaza makaburi ukawa nadra.

Taurini ni nini hata iwe na uwezo huo? Ni kiini kidogo cha jamii ya asidi za amino, kilichotolewa kwa mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe mwaka 1827, ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kilatini la fahali. Kimejaa kwenye msuli wa moyo, ambako husaidia kuratibu uingiaji na utokaji wa kalisi, na bila kalisi kwenda na kurudi moyo hauwezi kujikaza na kujiachia. Mbwa na binadamu hujitengenezea taurini ndani ya mwili. Paka anaweza kidogo mno, kwa kuwa vimeng'enya vyake vya kazi hiyo ni dhaifu. Tena, mwili wake hutumia taurini peke yake kuunganisha asidi za nyongo, kwa hiyo kila siku anaipoteza kwa njia ya utumbo. Mnyama huyu ameumbwa kula nyama. Akikosa nyama, hana akiba ya kumwokoa.

Na mimea haina taurini ya maana. Ugali, wali, maharage na viazi havimpi paka chochote kwa upande huo. Iko kwenye nyama, hasa nyama nyekundu na moyo wenyewe, kwenye samaki, kome na chaza. Kwenye kuku, paja lina taurini nyingi kuliko kidari. Jambo ambalo ningependa kila mpishi wa nyumbani alijue ni kwamba taurini huyeyuka majini. Ukichemsha nyama au samaki kisha ukamwaga maji, umemwaga sehemu kubwa ya kile paka alichokihitaji. Mmwagie supu hiyo juu ya chakula chake, lakini kabla hujaitia chumvi na vitunguu.

Paka anayezurura sokoni karibu na wavuvi, anayeokota vichwa na matumbo ya samaki, simhofii sana kwa upande wa taurini. Ninayemhofia ni paka wa ndani anayelishwa wali uliolowekwa mchuzi mwaka hadi mwaka, na yule anayepewa chakula cha mbwa kwa sababu ni cha bei nafuu na nyumba ina wanyama wote wawili. Chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa na taurini inayomtosha paka. Kwa paka kama hao, moyo ukionekana kutanuka, hatusubiri. Kwa kawaida hupewa miligramu 250 mara mbili kwa siku pamoja na dawa za kuondoa maji mapafuni, na baada ya wiki kadhaa tunaupima tena moyo kwa ultrasaundi. Ni miongoni mwa nafasi chache ambapo daktari anaweza kumtazama mwenye mnyama usoni na kumwambia kwamba moyo huu unaweza kupona.

Lakini paka wengi wazee wanaoletwa na ugonjwa wa moyo leo hawana ugonjwa huo. Wana ule ulio kinyume chake: msuli wa moyo umenenepa, chumba cha ndani kimebana, moyo unashindwa kujiachia ili ujae damu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa paka walioonekana wazima kabisa uliukuta ugonjwa huu kwa takriban 15 katika kila 100. Kwa baadhi yao chanzo ni urithi. Maumbile yenyewe ya protini za msuli yana hitilafu. Taurini haiwezi kuupunguza unene huo. Hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kuupunguza. Kinachoweza kumsaidia paka mzee kama huyu ni kumpima shinikizo la damu na tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikizalisha homoni kupita kiasi, au shinikizo likipanda, moyo hunenepa pia, na hayo mawili yana dawa. Nimeona paka akinyweshwa matone ya taurini miezi mitatu huku tezi yake ikiukimbiza moyo hadi mapigo zaidi ya 240 kwa dakika. Miezi hiyo mitatu haikurudi.

Kwa mbwa habari ni nyingine. Mbwa wadogo wakizeeka, ugonjwa unaowapata zaidi ni wa vali. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, iliyokuwa nyembamba na laini kama utando, huota vinundu, hukunjamana na kuacha kufunga sawasawa. Kila pigo moja, damu kidogo hurudi nyuma, na sauti yake husikika kwenye stetoskopu kama upepo unaopita tunduni. Hicho ndicho nilichokisikia kwa mbwa wa yule mama. Vali ni kama bawaba iliyolika. Hakuna mafuta ya samaki wala koenzaimu itakayoinyoosha. Ila ipo dawa, pimobendani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa mbwa 360 waliokuwa na vali mbovu na moyo uliokwisha kutanuka, lakini bado hawajaanza kuugua, ulionyesha kwamba dawa hiyo iliahirisha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15. Kwa mbwa wa miaka 12, miezi 15 ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Kwa sababu hiyo hunichoma ninapoona fedha za dawa hii zimekwenda kwenye makopo.

Mbwa nao wana sura yao katika kisa cha taurini. Cocker Spaniel wa Kimarekani wenye moyo uliotanuka wamewahi kupata nafuu kwa kupewa taurini pamoja na kanitini, na mbwa wa aina ya Golden Retriever nao hupungukiwa taurini zaidi ya wengine. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mbwa waliopata moyo kutanuka huku wakila vyakula visivyo na nafaka, ambavyo vingi vilikuwa na njegere na dengu kwa wingi. Hadi Aprili 2019 ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 500. Wengi wa mbwa hao taurini yao haikuwa chini, na chanzo hasa bado kinabishaniwa, lakini baadhi yao walipobadilishiwa chakula mioyo yao ilipata nafuu. Kwa hiyo nikiletewa mbwa mwenye moyo uliotanuka, swali langu la kwanza ni anakula nini. Vyakula hivyo vya bei ya juu vimefika pia kwenye maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, navyo husifiwa kwa neno "bila nafaka" kana kwamba nafaka ni sumu. Mbwa mwenye afya husaga wali na ugali bila tabu.

Kati ya virutubisho vyote ninavyoletewa, baada ya taurini kwa anayeihitaji, mafuta ya samaki ndiyo ninayoyapa nafasi. Sababu yake ni mahususi. Mnyama ambaye moyo wake umeshindwa hukonda. Nyama ya mgongoni na mapajani huyeyuka hata akiwa anakula, kwa sababu mwili umejaa kemikali za uvimbe. Utafiti wa mwaka 1998 kwa mbwa wenye moyo uliotanuka ulionyesha kuwa mafuta ya samaki hupunguza mojawapo ya kemikali hizo na kupunguza kukonda. Mara nyingi pia hurudisha hamu ya kula. Kipimo kinachotumika huhesabiwa kwa asidi mbili zilizomo ndani ya mafuta hayo, EPA na DHA: miligramu 40 za EPA na 25 za DHA kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Herufi hizo zimeandikwa ubavuni mwa kopo. Zisome, kwa maana kidonge cha gramu moja cha kawaida kina 180 za EPA na 120 za DHA tu, na mbwa wa kilo 10 atahitaji kama viwili.

Lakini yawe mafuta ya mwili wa samaki. Yale ya ini la chewa, ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni kwa kijiko, yana vitamini A na D nyingi, na kwa vipimo vya ugonjwa wa moyo yatamdhuru. Paka anayelishwa maini kila siku hupata madhara yale yale ya vitamini A: mifupa ya shingo huota na kushikana, akawa hawezi hata kujilamba mgongo.

Koenzaimu Q10, vitamini E, mitishamba ya moyo, ushahidi wake kwa mbwa na paka ni mdogo. Sikatazi mtu mwenye uwezo, mradi dawa zimenunuliwa kwanza. Ninachokataza kabisa ni kitunguu saumu na kitunguu maji, kwa sababu huvunja chembe nyekundu za damu, na paka ndiye dhaifu kuliko wote. Parasetamoli huua paka. Vidonge vya kutafuna vya binadamu vyenye sukari ya xylitol huua mbwa. Na chumvi: ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, mabaki ya mchuzi wa sherehe, vyote huvuta maji mwilini na kumrudisha mgonjwa aliyekwisha kutulia. Samaki wabichi kila siku nao si wema, wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wachemshe kidogo, umpe mnyama pamoja na supu yao.

Yule mama nilimfundisha jambo moja lisilogharimu hata senti, nalo ndilo ninalomwomba kila mwenye mnyama mzee alifanye. Mnyama akilala usingizi mzito, si baada ya kukimbia wala wakati wa joto kali, mtazame ubavu. Ukipanda na kushuka, hesabu moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa au paka mwenye moyo uliotulia hupumua chini ya mara 30 kwa dakika akiwa usingizini. Idadi ikipanda siku hadi siku, maji yanaanza kuingia mapafuni, na mara nyingi utaligundua hilo kabla ya kumsikia akihema. Kwa paka ni muhimu zaidi, maana moyo wake ukishindwa kwa kawaida hakohoi. Hujificha tu chini ya kitanda. Paka akihema kwa mdomo wazi, au miguu ya nyuma ikipooza ghafla na kuwa ya baridi, usisubiri asubuhi.

Mbwa wa yule mama alipewa pimobendani na dawa ya kutoa maji, na mafuta ya samaki tuliyaacha yaendelee. Usiku ule wa kwanza alihesabu 44. Baada ya siku tano aliniletea daftari la mwanawe wa shule, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu, tarehe upande mmoja na pumzi upande wa pili: 44, 40, 33, 28, 26. Anza daftari kama hilo leo usiku, na siku utakapomleta mnyama wako kwa daktari, njoo nalo pamoja na kila kopo ulilomnunulia.