Unataka gari la zamani la kufunguka paa? Lipeleke kwanza foleni ya feri

Umeliona. Limeegeshwa chini ya mwembe kule Mtongwe, jekundu, rangi inang'aa kama imepakwa jana, turubai limekunjwa nyuma. Mwenyewe anataka laki tatu na nusu, na amekudokezea kuna mtu wa Nyali anakuja Jumamosi na pesa taslimu. Wewe una laki mbili na themanini kwenye sacco, na kichwani tayari unajiona unavuka Daraja la Nyali jioni, upepo usoni, muziki juu, abiria wa matatu wanageuza shingo.

Sikukatazi. Mimi pia ninao ugonjwa huo huo. Lakini kabla hujaenda kuomba sacco ikuongezee mkopo, hebu tuongee kidogo.

Kwanza, yale magari unayoyaona Instagram, MGB na Triumph Spitfire za Uingereza zilizoanza kuundwa 1962 na kukoma 1980, huwezi kuyaagiza kama watu wanavyoagiza Vitz. Gari lililotumika likiingia Kenya halifai kuzidi umri wa miaka minane, na usukani uwe kulia. Kwa hivyo gari utakalopata ni lile ambalo tayari liko nchini, limeishi hapa, limekula chumvi yetu. Nairobi wana Concours d'Elegance, wanashindania gari la nani limetunzwa zaidi. Huku ng'ambo, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, mara nyingi utakutana na vitu vitatu: Suzuki ndogo ya turubai, ile SJ410 ya miaka ya themanini, Land Rover Series ya turubai, na Volkswagen Beetle iliyokatwa paa.

Hiyo ya tatu ndiyo ilitaka kunimaliza.

Ipo Beetle halali ya kufunguka paa. Iliundwa Ujerumani na kampuni ya Karmann kuanzia 1949 hadi 1980, na chini ya milango waliongeza vyuma vya kuimarisha bodi, kwa sababu paa la gari si kofia. Paa ni sehemu ya mifupa. Ukiliondoa bila kuongeza chuma kwingine, gari linabaki kama boksi la viatu lisilo na kifuniko: shika pembe mbili, linajikunja.

Niliyotaka kununua mimi ilikatwa na welda, sijui mwaka gani. Nilishatoa hata elfu kumi ya kushikilia. Nikamwomba fundi mmoja wa Magongo, mzee wa kiasi, aje aione tu kwa heshima yangu. Hakuwasha hata injini. Alifungua mlango wa dereva, akaweka jeki ubavuni, akainua gurudumu moja kutoka ardhini, kisha akaniambia, "Haya mwanangu, funga mlango."

Mlango ukakataa. Ulikuwa umeshuka kidole kizima, haukutani na kitasa.

"Hili si la kufunguka," akasema. "Hili limechinjwa."

Elfu kumi sikurudishiwa, na sikudai sana kwa sababu ya aibu. Lakini jaribio lile la jeki nakupa bure. Lifanye kwa gari lolote lisilo na paa la chuma. Mlango ukikwama, au nafasi kati ya mlango na bodi ikapanuka juu na kubana chini, ondoka. Usiambiwe kwamba ni bawaba tu. Siku utakapogongwa ubavuni na lori la makontena pale Changamwe, hiyo bawaba haitakusaidia.

Suzuki na Land Rover ni tofauti, zenyewe ziliundwa na chasisi imara chini, kwa hivyo turubai haliziumizi. Zinaumizwa na kutu. Hapa ndipo watu wengi wa pwani huchezewa shere, maana rangi mpya ni bei rahisi kuliko chuma kipya. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa usichubue rangi. Ipitishe chini ya milango, kwenye madongo ya magurudumu, kwenye sakafu. Ikishika, kuna chuma. Ikianguka, hapo pamejazwa fila, na chini yake kuna tundu. Ukiifanya hivyo kwa Land Rover usipige kelele: bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu tangu 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na sumaku haishiki aluminiamu. Wauzaji hupenda kusifu hilo, "hii haioti kutu, kaka." Kweli, bodi haioti. Chasisi ni chuma, nayo huoza kimyakimya kutoka ndani. Lala chini, na tochi na bisibisi, ugonge chasisi yote hadi nyuma kabisa kwenye nguzo ya mwisho. Sauti ikiwa kavu na kali, sawa. Ikiwa butu, au bisibisi ikazama, umeokoa sacco yako.

Inua na mazulia ya sakafuni. Turubai zote za zamani huvuja, hilo ukubali tu, na mvua ya Mei ya Mombasa haina utani. Swali ni maji yaliyoingia yalikaa muda gani.

Sasa kuendesha. Mwenye gari atataka ulijaribu barabara tupu asubuhi. Mwambie hapana, twende tuvuke feri saa saba mchana. Sijapata gereji yenye mtambo wa kupima gari kuliko foleni ya Likoni. Jua la utosi, unasonga hatua moja, unasimama, unasonga. Tazama geji ya joto. Ikipanda bila kushuka, rejeta imeziba au feni imechoka. (Beetle haina rejeta, hupozwa na hewa, huko utumie pua.) Zima injini, subiri dakika kumi, washa tena. Gari la kabureta lenye matatizo huwaka vizuri likiwa baridi na hugoma likiwa moto, na ni afadhali ligome leo muuzaji akiwa kando yako kuliko kesho ukiwa peke yako, nyuma yako matatu tano zinapiga honi. Kisha ile rampu. Nenda maji yakiwa yametoka, mteremko unapokuwa mkali. Ukipanda kutoka kwenye feri, simama katikati kama hapana gari nyuma, vuta breki ya mkono, kisha ondoka tena. Hapo umepima breki ya mkono na klachi kwa mpigo.

Breki zenyewe usitarajie miujiza. Nyingi za enzi hizo ni za ngoma, hazina msaada wa kukanyagia, mguu wako ndio nguvu yote. Tuktuk akikukatia mbele Bombolulu hutasimama kama unavyosimama na Probox. Uliza pia kuhusu mikanda, na kama hakuna, hesabu gharama ya kuifunga kabla hujatoka nalo.

Kuna jambo dogo la petroli. Eneo letu la Afrika liliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na baadhi ya injini za Kiingereza za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Uliza kama kichwa cha injini kiliwahi kufanyiwa kazi. Muuzaji akikutazama kama umemuuliza habari za mbinguni, jibu unalo.

Karatasi nimeziacha hadi sasa, lakini ndizo zinazowaangusha watu kuliko kutu. Gari la 1975 limepita mikono mingi, na logbuku mara nyingi ina jina la mtu aliyekwisha kufariki. Rafiki yangu wa Mwandoni alinunua Suzuki kwa kijana aliyesema, "Lilikuwa la marehemu baba." Alilipa, akapewa funguo na logbuku ya karatasi. Miezi miwili baadaye wakaja dada wawili na kaka mmoja, wote watoto wa marehemu, hakuna aliyeambiwa. Gari likarudi uani kwa marehemu. Pesa hazikurudi zote hadi leo.

Kwa hivyo ukisikia neno marehemu, omba karatasi za mirathi, iwe za Mahakama ya Kadhi au za mahakama ya kawaida, na uone nani amepewa ruhusa ya kuuza. Kisha ingia mwenyewe kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen uombe rekodi ya gari. Ni mia tano na kitu, bei ya pilau na soda. Linganisha jina, namba ya chasisi na ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma, si zile za kwenye kibandiko. Kama rekodi yasema gari ni saluni na mbele yako lina turubai, mtu alibadilisha bodi bila kuidhinishwa, na mzigo huo utakuwa wako. Uhamisho ufanyike mfumoni, yeye aanzishe, wewe ukubali. Salio la pesa litoke baada ya hapo. Akikataa, mwache na mtu wake wa Nyali.

Bima kubwa usiiwekee moyo, kampuni nyingi hukwepa magari ya umri huo. Utabaki na ile ya lazima, inayomlipa uliyemgonga tu. Likiibwa, limeibwa.

Najua mpango wako, utalikodisha kwa harusi za Kisauni lijilipe lenyewe. Inawezekana. Ila fahamu harusi ni Jumamosi na Jumapili, na gari hizi huharibika Ijumaa. Weka kando angalau thuluthi moja ya bei ya kununulia, usiiguse, hiyo ni ya mwaka wa kwanza: matairi, breki, turubai jipya, waya za umeme ambazo kila fundi tangu Moi ameziongeza bila kutoa za zamani. Kama una laki mbili na themanini, basi gari lako ni la laki mbili na kidogo, si la laki tatu na nusu.

Na ukienda Mtongwe kesho, fika nusu saa kabla ya miadi. Mkisalimiana, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa moto, ameliwasha kabla hujafika. Muulize kwa nini.