Radoni ya Hewani na Mwamba Ulio Chini Yake

Radoni ni gesi nururifu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Chanzo chake ni urani, ambayo imo kwa kiasi kidogo karibu katika kila mwamba na kila udongo. Urani humeguka polepole mno, hatua kwa hatua, hadi kuwa radiamu. Radiamu nayo ikimeguka huzaa radoni. Hewa ya nje kwa kawaida huwa na bekereli (kipimo cha unururifu) 5 hadi 15 za gesi hii katika kila mita ya ujazo, lakini kiasi hicho hutofautiana sana kati ya mahali na mahali, na ardhi ndiyo yenye usemi mkubwa.

Graniti kwa kawaida ina urani mara kadhaa zaidi ya basalti. Fosfati, pamoja na miamba ya tope jeusi lililoshindiliwa pamoja na mabaki ya viumbe, nayo huwa na urani nyingi. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, fosfati inayochimbwa kutengenezea mbolea ina urani kupita kawaida. Mlima Mrima wa Kwale, Kenya, ni kisa kingine: mwamba wake wa kabonatiti umejaa thoriamu, ambayo huzaa aina ya radoni iitwayo thoroni. Thoroni hupungua nusu kila sekunde 56 hivi, kwa hiyo haifiki mbali na uso wa ardhi ilikotoka.

Hata hivyo, anayepima urani peke yake hukosea hesabu. Radoni ya kawaida hupungua nusu kila siku 3.8, na gesi inayocheleweshwa chini humalizika kabla ya kuliona jua. Inayozaliwa katikati ya punje nene ya mwamba hubaki humo humo; hutoka ile tu iliyozaliwa karibu kabisa na ngozi ya punje. Ndiyo maana mwamba uliosagika hutoa radoni nyingi kuliko jabali zima. Jimbo la Iowa, Marekani, linajulikana kwa mashamba tambarare ya mahindi, wala si kwa majabali, lakini ni miongoni mwa majimbo yenye radoni nyingi zaidi nchini humo: barafu za kale ziliisaga miamba ya Kanada na kuitandaza huko ikawa udongo.

Ikishatoka kwenye punje, gesi huhitaji njia. Changarawe, mchanga mkavu na nyufa za ardhi huipitisha kwa wepesi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huifungia, kwani ndani ya maji radoni husogea sentimita chache tu, ilhali katika udongo mkavu huweza kwenda mita moja au zaidi. Mvua kubwa basi huweza kuipunguza hewani kwa muda, hata pale ambapo mwamba una urani tele.

Hali ya hewa humalizia kazi. Upepo unaovuma kutoka baharini huja na radoni kidogo sana. Bondeni, usiku usio na upepo, hewa baridi hutulia chini na gesi hujikusanya hadi alfajiri. Jua likipanda, hutawanyika.

Nje, ni mara chache radoni hufikia kiwango cha kutisha. Hatari ya saratani ya mapafu hutokana hasa na ile inayojikusanya ndani ya nyumba, ambako Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo.