Contagion: sinema ya virusi ambayo mtoto asiitazame peke yake

Dakika kumi za mwanzo zinatosha kumfanya mzazi ainuke kwenda kuhakikisha watoto wamelala. Mama mmoja, Beth Emhoff, anarudi nyumbani Minneapolis, Marekani, akitoka safari ya kikazi Hong Kong. Anakohoa kidogo, uso umechoka. Siku chache baadaye anaanguka jikoni, anatetemeka na kutokwa povu. Hospitalini daktari anamweleza mumewe, Mitch, kwamba mkewe amefariki. Mitch anaitikia kwa kichwa, kisha anauliza kama anaweza kwenda kuongea naye. Akirejea nyumbani anamkuta mtoto wake wa kambo, Clark, naye ameshakata roho.

Hiyo ndiyo Contagion, filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Steven Soderbergh. Beth ameigizwa na Gwyneth Paltrow, na Mitch ni Matt Damon. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Corona ilipoanza kusambaa, watu duniani walirudi kuitafuta kwa wingi, na hadi leo vijana wanaitazama kwenye simu zao. Kwa hiyo swali si kama mwanao ataiona. Swali ni ataiona na nani.

Marekani iliipa daraja la PG-13, yaani wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13 wawe waangalifu. Hakuna mazimwi wala damu nyingi, lakini kuna kifo cha mtoto kitandani, kuna makaburi ya pamoja, na kuna tukio la madaktari kufungua kichwa cha marehemu. Kuna pia siri ya ndoa inayofichuka mapema. Mtoto wa darasa la nne hana la kufaidi hapo zaidi ya kukosa usingizi. Kwa wa sekondari, ni dakika 106 za mazungumzo ambayo nyumba nyingi hazijawahi kuyafanya.

Wanasayansi wanaikimbiza chanjo na serikali zinahangaika, lakini kwa mzazi kiini cha filamu ni Mitch na binti yake, Jory. Vipimo vinaonyesha mwili wa Mitch una kinga. Wa Jory, hakuna anayejua. Basi baba anamfungia binti ndani kwa miezi, tena binti aliye kwenye umri wa kupenda. Mpenzi wake, Andrew, anakaa jirani. Siku moja Mitch anawakuta wamelala kwenye theluji, nyuso zimekaribiana, anamtimua kijana kwa ukali. Jory anaona baba ni askari jela. Mitch ameshazika wawili, anaona kaburi la tatu. Wote wana haki, na filamu haimpi ushindi yeyote kati yao. Hapo bonyeza kitufe cha kusimamisha, umuulize kijana wako: wewe ungefanya nini ungekuwa Jory? Halafu umwache ajibu bila kumkatiza.

Sehemu ya pili ya kusimama ni ya Alan Krumwiede, mwandishi wa mtandaoni aliyeigizwa na Jude Law. Anajirekodi akidai ameugua na kuponywa na dawa ya mmea uitwao forsythia. Watu wanavunja maduka ya dawa wakiigombania. Baadaye anapimwa na kukutwa hakuwahi kuambukizwa, huku akiwa amevuna mamilioni ya dola. Mzazi wa Tanzania atakumbuka nyungu za mwaka 2020, watu wakijifunika mablanketi juu ya sufuria za majani yanayochemka. Wengi walifanya hivyo kwa nia njema, na mvuke ulifungua pua, ila haukuthibitishwa kuua virusi. Kijana anayepokea ushauri wa afya kwenye magrupu ya WhatsApp anahitaji kujua tofauti ya mambo hayo mawili.

Si kila kitu kimekaa sawa. Wahusika ni wengi kupita kiasi, na kisa cha daktari anayetekwa ili kijiji kipate chanjo kinaachwa njiani. Lakini kuna kipande kidogo kinachofidia: mkubwa wa kituo cha kudhibiti magonjwa, Dk. Cheever, anachukua dozi yake mwenyewe na kumchoma mtoto wa mfanya usafi wa ofisini kwake.

Chanjo inapotoka, zamu zinapangwa kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Andrew anatangulia. Mitch, yule yule aliyemfukuza, anawaandalia vijana dansi sebuleni, kisha anajitenga chumbani na kamera ya marehemu mkewe, akiangalia picha za Hong Kong na kulia.

Usizime hapo. Dakika za mwisho zinarudi siku ya kwanza: mti unakatwa, popo anahama na kudondosha kipande cha ndizi kwenye banda la nguruwe, nguruwe anapelekwa hotelini, mpishi anajifuta mikono kwenye aproni bila kunawa na kumpa Beth mkono. Kirusi chenyewe ni cha kubuni, lakini watengenezaji walikopa kwa Nipah, kilichogunduliwa Malaysia mwaka 1999 baada ya kutoka kwa popo kuingia kwa nguruwe na kuua watu zaidi ya 100.

Mtoto atauliza kama popo wa kwenye mwembe wa nyumbani wanaweza kuleta hayo. Asidanganywe. Mkoani Kagera ulizuka ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na kirusi chake hukaa kwa popo wala matunda, hasa wanaoishi mapangoni. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa. Mwambie popo hawauliwi kwa mawe wala kuchezewa, na kwamba embe aliloliokota chini likiwa na alama za meno asilioshe akalila. Alitupe, anawe mikono.