Hereni Zisizofanana: Jiwe Moja la Gharama, Jingine la Bei Nafuu

Mei 2017, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza mjini Geneva almasi mbili zilizokuwa zimetengenezwa hereni. Moja ya buluu, karati 14.54. Nyingine ya waridi, karati 16. Zote zilikatwa umbo la chozi, lakini zilinadiwa kila moja peke yake: ya buluu ikatoka kwa dola milioni 42.1, ya waridi kwa milioni 15.3. Mnunuzi akawa mmoja, hivyo pea haikuvunjika.

Sisi hatuko kwenye bei hizo, ila hesabu yake inatuhusu. Sikio moja lilibeba karibu mara tatu ya thamani ya sikio la pili, na bado zilikuwa hereni za pea moja. Anayetaka kuvaa tsavorite au tanzanite nzuri huku mfuko ukikataa kununua mbili anaweza kufuata njia hiyohiyo: anunue jiwe moja la maana, kisha alitafutie mwenzake wa rangi nyingine na bei nyingine. Akifanya kwa mpango, atabakiwa na fedha ya kutosha kulipia dhahabu. Akifanya ovyo, atalipa mara mbili kisha aonekane amevaa gizani.

Tuanze na kwa nini pea ni ghali. Mkata vito hapati mawe mawili yanayofanana kutoka mgodini. Anayatafuta katika rundo. Akishapata mawili ya rangi moja, mara nyingi moja ni kubwa zaidi, na analazimika kulipunguza lilingane na dogo. Kinachogeuka vumbi kwenye gurudumu la kukatia kilishalipiwa, na gharama yake inaingia kwenye bei ya pea. Kwa tanzanite kuna tabu ya ziada. Jiwe hilo, linalochimbwa Mirerani peke yake duniani, huonyesha rangi tofauti kulingana na upande unaolitazama: huku buluu, huku zambarau. Mkataji ndiye anayeamua upande upi uelekee juu. Hata vipande viwili vya fuwele moja vinaweza kutoka kimoja cha buluu na kingine cha zambarau, na hapo pea imekataa.

Tsavorite ina sababu yake nyingine. Ganeti hii ya kijani ilipatikana Tanzania mwaka 1967 na mjiolojia Campbell Bridges, baadaye akaipata pia Kenya, jirani na Tsavo iliyoipa jina. Ikishakatwa, kuipata ya zaidi ya karati mbili ni shida, na bei kwa karati hupanda kadiri jiwe linavyokua. Mawe mawili ya karati moja moja yatakugharimu pungufu kuliko moja la karati mbili, ila mawili yakifanana sawasawa utalipia huko kufanana.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, maana bei za vito hubadilika kwa ubora na kwa siku. Uwiano ndio wa kutazama. Chukulia tsavorite safi ya duara, milimita 6, ni shilingi 1,500,000 za Tanzania. Mbili ni 3,000,000, na muuzaji akiongeza asilimia 20 kwa sababu zinafanana, umefika 3,600,000. Upande wa pili, tsavorite hiyo moja na rodolaiti, ganeti ya zambarau-waridi, ya ukubwa uleule kwa 150,000, ni 1,650,000. Dhahabu haibadiliki, kwa kuwa vishikio ni vilevile. Fundi anaweza kudai zaidi kwa sababu anatengeneza kila upande kwa jiwe lake. Mpe 100,000 ya ziada. Bado umeokoa 1,850,000.

Ukigeuza mfano huo uwe wa ametisti na rodolaiti, hesabu inakufa. Mawe yote mawili ni ya bei ya chini, pea yake inapatikana bila kutafutwa sana, na nyongeza ya fundi inaweza kula chote ulichookoa. Hapo vaa tofauti kwa sababu unazipenda, usijidanganye kwamba unabana matumizi.

Kosa linalowapata wengi ni kununua kwa karati badala ya milimita. Karati ni uzito, gramu 0.2, na mawe hayana uzito mmoja kwa ukubwa mmoja. Ametisti ya duara ya milimita 6 huwa karibu robo tatu ya karati. Ganeti ya kipimo hichohicho hukaribia karati nzima. Ukimwambia broka "nataka karati moja ya kila rangi", ametisti itakuja na karibu milimita 6.5, na sikio moja litaonekana limevimba. Nenda na kipimo cha milimita, hata kile cha plastiki, na upime mwenyewe. Vipimo vya kawaida kama 5, 6 na 7 vina faida nyingine: vishikio vyake huuzwa vimekwisha kutengenezwa, na sonara anapachika tu. Jiwe lenye umbo lake la kienyeji hutengenezewa nyumba yake kwa mkono, nawe unalipia saa zake.

Baada ya ukubwa, angalia ugumu. Katika kipimo cha Mohs almasi ni 10, yakuti 9, spineli 8, tsavorite na rodolaiti kati ya 7 na 7.5, ametisti 7, tanzanite 6 hadi 7, na lulu chini kabisa kwenye 2.5 au juu yake kidogo. Vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kila kilicho chini ya hapo huchubuka taratibu kikifutwa na kitambaa kikavu. Hereni hazigongwi kama pete, ndiyo maana tanzanite inakaa vizuri sikioni kuliko kidoleni. Lakini ukiioanisha yakuti samawi na lulu, baada ya miaka michache yakuti itakuwa inang'aa kama siku ya kwanza huku lulu imefifia kwa manukato na jasho, na tofauti uliyoipanga itakuwa imegeuka uchakavu. Mimi nisingeoanisha mawe yaliyopishana sana ugumu, labda kama lile laini ni la bei ya kubadilisha bila kuumia.

Rangi ni suala la ladha, ila kuna jambo moja la macho. Mawe yanaweza kupishana rangi kadiri utakavyo, lakini kina cha rangi kikaribiane. Tsavorite iliyokolea ukiiweka na ametisti iliyopauka, ya pili inapotea, hasa kwenye ngozi yetu yenye weusi. Yashike mawili mbele ya dirisha mchana, kisha chini ya balbu ya njano usiku. Tanzanite itakusaliti hapo: mwanga wa balbu huivuta kuelekea zambarau. Kama umeipanga buluu iende na spineli ya waridi ya Mahenge, huenda ukumbini usiku ikawa zambarau na waridi. Nayo inapendeza, lakini ijue kabla ya kulipa.

Kuna chaguo ambalo watu wanalisahau, nalo ndilo ningelichagua: jiwe la aina moja, rangi mbili. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya hudhurungi, kisha huchomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi au zaidi ndipo buluu itoke. Zipo zinazoachwa na rangi zake za asili, za manjano-kijani au dhahabu. Weka moja ya hizo na moja ya buluu. Uzito kwa ukubwa ni sawa, ugumu ni sawa, matunzo ni yaleyale. Usitarajie punguzo kubwa kama ya asili ni ya kijani safi au ya waridi, maana hizo ni adimu. Yakuti za Bonde la Umba, mkoani Tanga, zina tabia kama hiyo: bonde moja hutoa rangi nyingi, na mawe ambayo hayakupata mwenzake hayakosekani kwa wauzaji.

Ununue wapi? Broka na sonara ndiyo njia ya bei ya chini kwa anayejua anachotafuta. Utakachokutana nacho ni broka anayekunjua karatasi yake na kusema, "Dada, hii moja haitoki, nauza pea." Mwulize bei ya kila jiwe, kisha mwambie unataka moja tu. Mara nyingi ana mengine yaliyobaki bila mwenzake, na hayo ndiyo soko lako, kwa kuwa ameshindwa kuyauza kama pea. Anayekuuzia mabaki mawili kwa bei ya pea iliyolinganishwa anakuibia, hata kama mawe ni halali. Nunua kwa mwenye leseni, hasa kwenye masoko ya madini ambayo serikali ya Tanzania ilianza kuyafungua 2019, na utunze risiti. Ukikusudia kusafiri na mawe nje ya nchi, uliza nyaraka kabla ya kulipa, si ukiwa uwanja wa ndege.

Duka la vito litakutoza zaidi, ila linabeba lawama. Ukiagiza huko, omba cheti cha maabara kwa lile jiwe la gharama tu. Kulipia cheti cha rodolaiti ya 150,000 ni kutupa fedha. Na kama unaangalia tanzanite bila cheti, izungushe ukiitazama: kioo cha buluu hubaki rangi ileile kila upande. Kubadilika rangi peke yake hakuthibitishi kuwa ni tanzanite, maana yapo mawe ya maabara yanayobadilika pia, lakini kusipobadilika rudisha.

Njia ya tatu imelala kwenye sanduku lako: ile hereni iliyobaki peke yake baada ya mwenzake kudondoka kwenye daladala au harusini. Sonara wa Mombasa au Kariakoo akiipata mkononi anaweza kukutengenezea mwenzake mwenye jiwe tofauti kwa dhahabu ya karati ileile (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito). Unalipia upande mmoja badala ya miwili. Hakikisha tu anapima kwanza usafi wa dhahabu ya zamani. Ya karati 22 ikikaa na ya karati 18, moja itakuwa ya njano zaidi, na hiyo si tofauti utakayoipenda. Na asipeleke moto karibu na tanzanite. Jiwe litolewe kwanza, kwani joto la ghafla hulipasua.

Kuhusu muundo nina ukali kidogo. Badilisha kitu kimoja. Kama ni rangi, basi umbo, urefu, dhahabu na vikucha vinavyoshika jiwe vibaki vilevile. Kama unataka moja ndefu na moja fupi, mawe yawe ya rangi moja. Ukitofautisha rangi, umbo na urefu kwa pamoja, mtu atakuuliza nyingine umeiangusha wapi. Hereni inayoning'inia ikiwa nzito kuliko mwenzake huvuta tundu la sikio upande mmoja, kwa hiyo zipime zote kwenye mizani ya sonara kabla ya kuzichukua. Zikipishana, sonara aongeze waya au kizibo kizito upande ule mwepesi.

Zikiwa na thamani, ziandikishe kwenye bima kama hereni mbili zenye bei mbili, kila moja na risiti yake. Ya rodolaiti ikipotea, unabadilisha kwa bei ya rodolaiti. Ukitaka kuuza, ujue mapema kuwa wanunuzi wengi wa dhahabu kuukuu hulipia uzito wa dhahabu na kuyahesabu mawe kama si kitu, zikiwa zinafanana au hazifanani. Lile jiwe la gharama litoe kwanza, uliuze peke yake kwa anayejua vito.