Tumbaku: mvutaji asifungwe, mlango ndio ufungwe

Wataalamu wanaowasaidia watu kuacha sigara wana swali moja wanalolithamini kuliko mengi: ukishaamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza? Swali hilo limo katika dodoso la mtafiti wa Uswidi, Karl Fagerström, linalotumika sehemu nyingi duniani kupima uraibu wa nikotini. Anayewasha ndani ya dakika 5, hata mswaki hajapiga, huhesabiwa kuwa ameshikwa sana. Anayeweza kukaa zaidi ya saa nzima bado ana nafuu.

Nimelitanguliza kwa makusudi. Kila mjadala wa kupiga marufuku tumbaku unapozuka, iwe bungeni, redioni au kijiweni, hoja inayowahi kufika ni ya uhuru: mtu mzima ana mwili wake na fedha zake, serikali inamwingilia nini? Siidharau hoja hiyo. Serikali ikishazoea kuwapangia watu maisha, haijui pa kuishia. Lakini uhuru wa kuchagua unamtaka mtu awe ndiye anayechagua. Alfajiri ile, mkono unapopapasa chini ya mto kutafuta kiberiti, anayeamua ni nani?

Moshi ukivutwa, nikotini hupenya kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hujishikiza kwenye vipokezi ambavyo kwa kawaida ni vya kemikali ya mwili wenyewe iitwayo asetilikolini, na kuufanya ubongo umwage dopamini, ile kemikali inayotufanya tutamani kurudia jambo. Kadiri mtu anavyoendelea kuvuta, ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo, navyo vyote hudai kulishwa. Nikotini haikai. Kila baada ya saa 2 hivi, kiwango chake katika damu hushuka kwa nusu. Aliyelala usiku kucha anaamka vipokezi vikiwa vitupu: kichwa kizito, hasira za karibu, mikono haitulii. Anavuta, anatulia, na anaamini kwamba sigara imemtuliza. Ukweli ni kwamba imemrudisha tu mahali ambapo mwenzake asiyevuta ameamkia bila kutoa hata senti.

Nikotini ndiyo inayomshika mtu, ila kinachomuua zaidi ni moshi wenyewe. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Mna lami inayogandamana mapafuni na kuua vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, na ndiyo maana ya kile kikohozi cha asubuhi kisichoisha. Mna pia kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo moyo unalazimika kufanya kazi ya ziada kila siku kwa damu iliyopungukiwa hewa. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani hadi mara mbili na nusu ya asiyevuta.

Ushahidi huu si wa jana. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa hospitali za London ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyevuta maisha yake yote hupoteza, kwa wastani, miaka 10 ya uhai. Utafiti huohuo ulileta habari njema ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila kituo cha daladala: anayeacha akiwa na miaka 30 huokoa karibu miaka yote hiyo 10, wa miaka 40 huokoa 9, wa 50 huokoa 6, na wa 60 bado huokoa 3.

Sasa turudi kwenye uhuru, maana kuna takwimu moja inayougeuza mjadala mzima. Taarifa za mganga mkuu wa serikali ya Marekani zinaonyesha kuwa karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Huyo mtu mzima tunayemtetea, mwenye akili timamu na fedha zake mfukoni, hakuingia kwenye tumbaku akiwa mtu mzima. Aliingia akiwa mtoto, kwa kusukumwa na wenzake, ubongo wake ungali unakua na kwa hiyo ni rahisi zaidi kutekwa. Alipofikisha umri wa kuamua, uamuzi ulikuwa umeshapita.

Na aliingiaje? Dar es Salaam, muuza sigara wa kutembea unamsikia kabla hujamwona, kwa sarafu anazozigonganisha kiganjani. Kwenye kisanduku chake cha mbao kuna pakiti za sigara zilizokwisha kufunguliwa, karanga zilizofungwa, pipi na bazoka, vyote pamoja. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi. Mnunuzi anatoa sarafu, anachomoa sigara moja, anawasha palepale, huyo anaondoka. Dukani kwa Mangi mambo ni hayohayo, na mara nyingi anayekuja kununua ni mtoto: "Mangi, babu anasema nipe sigara mbili." Muuzaji hana la kuuliza, kwani mtoto ametumwa. Siku mtoto huyohuyo atakapojituma mwenyewe, nani atajua?

Sigara ya rejareja ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha tatizo letu, kuliko matangazo, kuliko hata kampuni zenyewe. Inavunja kila kinga tuliyoiweka. Onyo la afya limeandikwa kwenye pakiti, lakini mnunuzi wa sigara moja haishiki pakiti. Kodi inapanda ili bei imshtue mvutaji, naye anakwepa maumivu kwa kununua moja badala ya tatu, huku mwanafunzi akimudu kuanza kwa hela ya andazi. Kodi yenyewe ni silaha nzuri: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupungua kwa takriban asilimia 5, na vijana ndio wa kwanza kupunguza kwa sababu mifuko yao ni myepesi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na hata pakiti yenye sigara chini ya 10. Hata hivyo, pita Gikomba au Kongowea uone zinavyouzwa. Tatizo liko kwenye usimamizi, na usimamizi ni kazi ya watu wanaolipwa mishahara.

Mwingine atasema: basi piga marufuku kila kitu, tumalize. Waliojaribu wapo. Bhutan ilikataza uuzaji wa tumbaku nchini kote mwaka 2004. Ilipokaza sheria mwaka 2010, mtawa kijana alifungwa miaka 3 kwa kukutwa na tumbaku ya kutafuna yenye thamani ya dola chache tu. Wananchi walikasirika, bunge likailegeza sheria, lakini magendo ya kutoka India hayakukoma hadi nchi ikaondoa katazo la kuuza mwaka 2021, wakati wa korona. Afrika Kusini nayo ilisimamisha uuzaji wa sigara kuanzia Machi hadi Agosti 2020. Wavutaji wengi waliendelea kununua kwa njia za panya kwa bei iliyopaa, serikali ikakosa kodi, na baadaye mahakama ikasema katazo lile lilikuwa kinyume cha katiba. Hapa jirani, Kenya na Rwanda zilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia watu walioshtakiwa kwa shisha kwa sababu kanuni zile hazikupelekwa bungeni kuidhinishwa inavyotakiwa. Na shisha si mchezo wa kupoza jioni kama vijana wengi wanavyodhani. Kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi, na maji yaliyomo kwenye chupa hayachuji sumu hizo.

Kwa hiyo siko upande wa kumkamata mvutaji. Mgonjwa wa uraibu ukimpeleka mahabusu, unampatia askari njia ya kudai rushwa, na unamwachia mgonjwa ugonjwa wake. Lakini siko pia upande wa wanaosema aachwe na uhuru wake, maana moshi haubaki kwake. Mwaka 1981, Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kuwa wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na hatari iliongezeka kadiri mume alivyovuta zaidi. Leo inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa moshi wa wengine. Katika chumba kimoja cha kupanga, baba akivuta kitandani, mtoto mchanga hana pa kukimbilia wala mdomo wa kulalamika. Uhuru wake yeye unatajwa na nani?

Kampuni za tumbaku zimeshalipeleka neno uhuru hadi mahakamani. British American Tobacco ilipinga sheria ya Uganda ya mwaka 2015 na kanuni za Kenya za mwaka 2014, pamoja na mambo mengine kwa madai kwamba zinakiuka haki zake. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitupa kesi hiyo Mei 2019, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikatupa rufaa yake Novemba mwaka huohuo. Hukumu hizo mbili zilistahili kusherehekewa zaidi ya tulivyofanya.

Njia inayonivutia ni ile ya kufunga mlango wa kuingilia taratibu, bila kumgusa aliye ndani. New Zealand ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kutomuuzia tumbaku kamwe yeyote aliyezaliwa kuanzia 2009. Serikali mpya ikaifuta mwaka 2024 kabla haijaanza kazi. Maldivi haikurudi nyuma: tangu 1 Novemba 2025, aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 2007 hauziwi tumbaku nchini humo. Mzee anayevuta leo haguswi na sheria kama hiyo. Kwetu, ambako kitambulisho cha umri hakiulizwi dukani, haiwezi kusimama kabla ya kwanza kuiondoa sigara ya rejareja na kumtaka kila muuzaji awe na leseni. Hatua hizo mbili ndizo ningezianza kesho asubuhi.

Hapo ndipo atasimama mbunge wa Tabora na kuuliza: wakulima wangu nao je? Swali ni la haki, na mkulima huyo anastahili kuzungumziwa kwa heshima. Urambo, Kaliua na Sikonge, watoto wamesoma kwa fedha za tumbaku. Ila sehemu kubwa ya jani hilo husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo kumzuia mwanafunzi wa Manzese asinunue sigara moja hakumwondolei mkulima wa Urambo soko lake. Na tumwonee huruma kwa yale yanayompata kweli. Anayechuma majani asubuhi yakiwa na umande hupitisha nikotini kwenye ngozi yake, na jioni anatapika na kuona kizunguzungu akidhani ni malaria. Watoto wanaosaidia kazi hiyo huumia zaidi kwa sababu miili yao ni midogo. Halafu kuna bani la kukaushia, ambalo linataka moto wa siku kadhaa mfululizo, na kuni zake ni miombo iliyokuwa na nyuki. Huko Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kuhamia kwenye maharage yenye madini mengi ya chuma, kwa kuwapa mbegu na soko la uhakika. Soko ndilo jambo lenyewe. Mkulima wa tumbaku hushikiliwa na mkopo wa mbolea na uhakika wa kununuliwa, na hatoki humo kwa kuhubiriwa.

Waliokwisha kushikwa nao wanadai haki yao, ambayo ni matibabu. Anayeacha ghafla huteseka zaidi wiki ya kwanza: usingizi unakatika, chakula anakitamani kupita kiasi, maneno yanamtoka kwa ukali. Baada ya wiki 3 au 4 mwili huanza kutulia. Plasta na bazoka za nikotini hupunguza mateso hayo kwa kumpa nikotini kidogo bila moshi, na Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Mwaka 2021 likaongeza vidonge vya varenikilini na bupropioni. Nenda kwenye zahanati ya kata uziulize, uone utakavyotazamwa. Kodi ya sigara inaingia hazina kila mwezi. Sehemu yake ndogo inatosha kuzinunua dawa hizo na kuanza kuzigawa katika kliniki za kifua kikuu, ambako mgonjwa huja kwa miezi 6 na muuguzi wake anamjua kwa jina.