Msanii, vumbi la gogo lisikukatie riziki

UKIPITA barabara ya ufuo wa Diani, huwezi kukosa kuwaona. Wamekaa chini ya miti, tezo mkononi, gogo limebanwa kwa miguu, na kando yao twiga na ndovu wa mpingo wanangoja watalii. Wengi wa wachongaji hawa ni Wakamba, ambao sanaa yao inahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Mgeni huona uzuri wa kinyago. Haoni kikohozi cha aliyekichonga.

Msanii hana mshahara wala likizo ya ugonjwa. Chombo chake cha kazi ni mwili wake: macho, mikono, mgongo na mapafu. Kimoja kikiharibika, sanaa inasimama.

Adui wa kwanza ni vumbi, hasa wakati wa kupiga msasa. Huanza kwa kuwasha macho na kupiga chafya, na kwa wengine huleta pumu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitaja vumbi la mbao kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Tumia barakoa ya N95. Piga msasa nje, upepo ukipita ubavuni mwako.

Kibanzi kikiruka jichoni, usisugue wala usitie dawa za kienyeji. Osha kwa maji safi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miwani ya kukinga macho ni rahisi kuliko jicho. Na kwa kuwa tezo hukata karibu na mguu, hakikisha umechanjwa dhidi ya pepopunda.

Wachoraji nao wana hatari zao. Michoro ya Tingatinga, inayouzwa pia pwani ya kusini, ilianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972. Hutumia rangi ya mafuta kama ile ya baiskeli. Mvuke wa rangi hiyo na wa tina huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwani huathiri ubongo. Basi, ewe unayeishi chumba kimoja Ukunda, usichoree unakolala. Usilainishe brashi kwa mdomo, na usinawe kwa petroli. Paka mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

Kuna na maradhi ya moyo kuwa mzito. Masika ya Aprili hadi Juni, wageni hupungua. Mwaka 2020 mambo yalizidi: ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa Machi 25, na Aprili 8 Kwale ikafungwa kwa sababu ya korona. Msanii aliyekosa wanunuzi huanza kukosa usingizi, na wengine hukimbilia pombe. Dalili hizo zikidumu zaidi ya majuma mawili, mwone daktari, kama ungemwona kwa homa.

Weka akiba msimu wa Julai na wa Desemba. Lipia bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, hivyo ilipe pesa zikiwapo.

Mwisho, inuka kila nusu saa unyooshe mgongo. Na siku moja kwa juma, acha twiga wa watalii, chonga au chora kile kinachokusumbua moyoni. Hiyo nayo ni dawa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Gogo litangoja, mapafu hayangoji.